Ua na Mwenye Kulinusa

Orodha za majina ya watoto kutoka pembe zote za dunia, kila jina na ua lake, zina mvuto usiokanika. Upande mmoja huandikwa jina na upande wa pili maana: Sakura, ua la mcheri wa Japani, Laleh, tulipu ya Uajemi, Padma, yungiyungi la Bara Hindi, Virág, ua kwa Kihungaria, Xochitl, ua kwa Kinahuatl cha Meksiko, kisha bustani nzima ya Waingereza, Daisy, Lily, Violet na Iris. Orodha hizo humfikia leo mzazi wa Kahama au wa Geita sawasawa na zinavyomfikia mzazi wa Mkunazini au wa Wete, na wote wawili huambiwa wachague. Ni kazi za maandishi kama kazi nyingine. Zina fani yake, zina yale zinayoyasema na yale zinayoyanyamazia, na kwa sababu hiyo zinastahili kuhakikiwa.

Kasoro yake ya kwanza ni ya elimu ya lugha, nayo ni ndogo. Karibu kila orodha humwandika Zahra kuwa ni ua. Ni kweli kwamba kwa Kiarabu *zahra* ni ua. Lakini Zahraa, lakabu ya Bibi Fatuma binti ya Mtume, ni mwenye kung'aa, na mzizi huohuo ndio uliozaa Zuhura, jina la sayari. Mzee wa Unguja aliyemwita binti yake Zahara hakuwa na bustani mawazoni. Alikuwa akimkumbuka Bibi Fatuma. Rehani nalo huandikwa kuwa ni jani la harufu nzuri, na ndivyo lilivyo, tena limetajwa katika Surat Rahman. Bali Kiswahili kimeyakutanisha maneno mawili ya Kiarabu yasiyo na udugu: rehani inukiayo, na rehani iwekwayo kwa mkopeshaji hadi deni lilipwe. Mwandishi wa orodha hunusa ile ya kwanza tu. Katika miji ya dhahabu, ambako kidani kinaweza kutoka shingoni asubuhi na kuwa dhamana jioni, ya pili ndiyo isikikayo zaidi.

Kasoro ya pili ni kubwa, na haiwezi kusahihishwa kwa kamusi. Orodha husema jina lina maana gani. Haisemi nani alimpa nani jina hilo, wala kwa haki gani. Ili jambo hili lionekane vyema, inafaa kuzipeleka orodha hizo mahali ambapo utamaduni wa kutoa majina umeshika njia nyingine kabisa, yaani Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita.

Usukumani jina la asili halikusudiwi kupamba. Huandika jambo. Mabula ni mvua, Limi ni jua, Milembe ni amani, Magembe ni majembe, Nzala ni njaa. Mzazi aliyemwita mtoto Nzala hakumtakia njaa. Aliweka kumbukumbu ya mwaka ambao njaa ilikuwapo na mtoto akaja hivyohivyo. Kulwa na Doto ni mapacha, wa kwanza na wa pili. Shija ni yule ajaye baada yao. Kashinje ni aliyetanguliza miguu wakati wa kuzaliwa. Juu ya hayo kuna majina ya wahenga, ambayo mara nyingine hutafutwa kwa mganga pale mtoto anapolia bila kunyamaza, kwa imani kwamba babu au bibi fulani analidai jina lake lirudi nyumbani. Anayeyasoma majina hayo katika daftari la shule moja ya kijijini anaweza kujua, bila ya kuuliza, miaka gani mvua ilinyesha, nyumba ipi ilipata mapacha na mzazi yupi alijifungua kwa shida. Ni fasihi ya matukio, na kila jina ni sentensi iliyofupishwa hadi ikabaki neno moja.

Katika majina hayo yajulikanayo sana, ua halina nafasi. Huenda mtu wa visiwani, aliyezoea kuiwazia Shinyanga kama nchi ya vumbi na ng'ombe, akadhani sababu ni ukame. Dhana hiyo haina nguvu. Ni kweli kwamba vichaka vya huko vilifyekwa kwa wingi zama za ukoloni ili kumfukuza mbung'o, na kwamba pamba na mifugo viliendelea kuibana misitu hata serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, uliodumu tangu 1986 hadi 2004 na kuzifufua ngitili, yaani malisho yanayohifadhiwa kwa desturi ya Wasukuma wenyewe. Lakini migunga huchanua na kunukia, na nyuki wa huko hawajapata kukosa kazi. Maua yapo. Ila huko ua ni dalili: huonyesha kwamba mvua imekuja au inakuja, na mtoto hupewa jina la mvua yenyewe.

Maua yaliingia katika majina ya Shinyanga kwa mlango wa kanisa, nayo yaliingia yakiwa yamekwisha kukauka. Roza, Flora, Florensia, Liliani, Suzana, Yasinta: ubatizo uliyaleta kama majina ya watakatifu, na aliyeyapokea aliyapokea hivyo. Ni nani katika Shinyanga, au hata katika Roma, amwitaye Yasinta akakumbuka kwamba jina hilo latokana na Hyakinthos, kijana wa kiume wa hadithi za Wayunani aliyeuawa kwa kisahani cha michezo, na ua likachipua penye damu yake? Ni nani amwitaye Suzana akasikia *shoshana*, yungiyungi la Kiebrania? Ajabu ni kwamba ua hilohilo, kwa njia ya Kiarabu, hufika pwani kwa jina la Sausan. Suzana wa Shinyanga na Sausan wa Unguja ni ndugu wa tumba moja, na hawajuani. Pengine Theresia peke yake, ambaye jina lake si la ua, ndiye aliyefika na ua lililo hai. Kwa kuwa Theresia wa Lisieux, aliyefariki mwaka 1897 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1925, alijiita mwenyewe ua dogo, na waumini wakaipokea lakabu hiyo pamoja naye.

Neno hilo *mwenyewe* ndilo linalohitaji kushikwa, kwa sababu ni wachache katika historia waliojiita maua. Wengi waliitwa.

Hapa lazima kurejea visiwani na pwani, ambako maua ya majina yangali na harufu. Asumini, Waridi, Maua, Yasmini: haya si maneno ya kamusi kwa msikilizaji wa pwani. Asumini hutungwa ikavaliwa nywelani. Mkadi, rehani na waridi hufungwa kikuba. Mlangilangi hutandazwa kitandani. Kilua hupelekwa kwa mpendwa likasema lisilosemeka. Mwana Kupona alipoutunga utenzi wake mwaka 1858 ili kumwusia bintiye, hakusahau kumtajia asumini katika mapambo ya mke mwema. Lakini itazamwe vizuri: binti huyo hakuitwa Asumini. Aliitwa Mwana Hashima. Ua ni kitu alichoambiwa akitunge, nalo jina lilimweka katika ukoo na heshima yake. Mama aliyekuwa akifa alijua tofauti iliyopo baina ya pambo na mtu, na utenzi wake wote umesimama juu ya tofauti hiyo, hata pale msomaji wa leo anapokataa kiasi cha utiifu unaodaiwa humo.

Tofauti hiyo haikuwalinda wote. Sayyida Salme, aliyekuja kujulikana kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba mama yake alikuwa Mcherkesi, aliyetekwa angali mtoto akauzwa hata akafika katika nyumba ya Sayyid Said. Jina la mama huyo lilikuwa Jilfidan. Likisomwa kwa Kituruki, *gül* ni waridi na *fidan* ni mche: mche wa waridi. Katika nyumba za wakubwa wa Istanbul majina ya namna hii, ya waridi na nargisi na masika, yalikuwa ndiyo desturi ya kuwaita wanawake walionunuliwa. Mnunuzi ndiye aliyetia jina, na alitia lile litakalopendeza kinywani mwake. Orodha ya maua ya dunia ingemwandika Jilfidan katika safu ya Kituruki na kuendelea na safari yake, na msomaji asingeona lolote ila uzuri.

Kwa kulinganisha, bibi mwingine wa Unguja alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa. Jina hilo lilikuwa baya kwa kila masikio, lakini halikudanganya. Liliandika hali kama Nzala liandikavyo njaa. Baadaye aliitwa Siti, na kwa jina la Siti binti Saad sauti yake ikasikika hadi Bombay, alikokwenda kurekodi santuri. Inawezekana kubishana, na hoja ina uzito, kwamba Mtumwa ni jina lililomtenda ubaya zaidi kuliko Jilfidan. Hata hivyo jina la Mtumwa lilijulikana na wote kuwa ni mzigo, na kwa hiyo liliweza kutuliwa. Mche wa waridi ni mzigo usioonekana kuwa mzigo.

Ndipo Shinyanga inaporudi, na safari hii kwa ua la ajabu kuliko yote. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aliigundua almasi ya Mwadui, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kishapu. Mwaka 1947 likapatikana huko jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi yake ya mwaka huo. Jiwe lilichongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 nyumba ya sonara ya Cartier ikalitia katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua: petali na majani ya almasi nyeupe, na almasi ya Mwadui ndiyo moyo wake. Ua lililochaguliwa ni la jamii ya nargisi. Kwa hiyo ua la Shinyanga linalojulikana kuliko yote ulimwenguni ni la jiwe, ni la aina isiyoota Shinyanga, na jina lake ni la mwenye mgodi: Williamson Pink. Hata hilo neno la mwisho, ambalo Waingereza hulitumia kwa rangi, lilikuwa kwanza jina la ua la bustani zao.

Jina hilo halijachoka. Mwezi Oktoba 2022 jiwe jingine la rangi hiyohiyo, la karati 11.15, liliuzwa kwa mnada Hong Kong kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 57, na likaitwa Williamson Pink Star, kwa kumkumbuka lile la kwanza. Huko Geita, mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000 una machimbo yaitwayo Nyankanga, na mengine yaitwayo Lone Cone na Star and Comet. Mwenye kibali ndiye mwenye kutaja. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, waliotoka kila upande, wa Kisukuma na wa Kizinza, wa Kiha na wa Kihaya, huishi katika majina yao na ya wengine, na watoto wao huandikishwa shuleni kwa majina mawili au matatu yanayotoka nchi mbalimbali. Si ajabu kwamba orodha ya majina mazuri ya dunia hupata wasomaji mahali kama hapo. Mtu aliyehama kijiji chake, asiye na bibi wa kumwuliza jina gani linadaiwa na wahenga, yumo katika haki yake kutafuta jina lisilo la mahali popote. Kumcheka ni ujinga.

Lakini jina la ua katika Kiswahili haliwi kamwe jina la pasipo mahali. Taswira ya ua katika ushairi wetu ni ya zamani na kila mshairi huikuta imekwisha kutumika: mwanamke ni ua, mpenzi ni nyuki, na yatakayofuata ni kuchuma. Washairi wamekamilisha istiari hiyo kwa ustadi mkubwa, na hakuna sababu ya kuukana ustadi huo. Ila istiari ina kitenzi ndani yake. Anayeitwa ua ameshaandaliwa sentensi ambayo yeye ndiye mtendwa. Neno lenyewe limejaa hadhari: *ua* linukialo, *ua* la makuti linalozungushiwa nyumba wanawake wasionekane, na *ua* ambalo ni kutoa roho. Sarufi itasema maneno haya matatu hayahusiani, nayo ni kweli. Sikio halijali sarufi.

Mahali ambapo istiari hiyo ilikuwa na matokeo ya hesabu ni Shinyanga. Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa mwaka 2010 uliukuta mkoa huo ukiongoza nchini kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sababu zake zimejadiliwa sana, ng'ombe wa mahari na umaskini na umbali wa shule, na hakuna atakayedai kwamba majina yanayo hatia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ya serikali. Hukumu haikutumia neno lolote la maua. Iliwataja wasichana kama watu wenye umri, na umri ni jambo ambalo Limi au Mabula, kwa namna ya majina yao, wamelibeba tangu siku ya kuzaliwa: mwaka wa jua, mwaka wa mvua. Waridi hana mwaka. Waridi huwa tumba, au limechanua, au limepita.

Je, basi ua lisiwe jina? Uamuzi huo ungekuwa wa haraka, kwa sababu majirani wameonyesha njia nyingine, nayo ni nzuri. Mwethiopia Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akikimbia peku, alikuwa na jina la ua. Lakini *abebe* kwa Kiamhari ni kitenzi, yaani amechanua. Derartu Tulu, mshindi wa mita 10,000 huko Barcelona mwaka 1992, anabeba neno la Kioromo la maana hiyohiyo ya kuchanua. Katika orodha za dunia wote wawili huandikwa "ua" na kuwekwa karibu na Daisy, na hapo ndipo upungufu wa orodha unapokuwa dhambi ya kisarufi. Daisy ni kitu. Abebe ni tendo, na mtendaji wake ni mtoto; hakuna mnusaji katika sentensi hiyo. Tena jina hilo hupewa mwanamume bila ya mtu kuona haya, jambo ambalo majina ya maua ya Ulaya yamelisahau tangu zama za Hyakinthos. Ukilisikiliza vizuri jina la Abebe, utaona kwamba linakaa karibu zaidi na Mabula wa Shinyanga kuliko na Rose wa London, kwa kuwa yote mawili husema jambo fulani limetokea.

Shinyanga nayo inalo ua la namna hiyo. Pamba hupandwa kwa mvua za Novemba na Desemba, na inapofika wakati wake ua lake hufunguka asubuhi likiwa jeupe lenye umanjano wa maziwa. Siku ya pili limegeuka rangi ya waridi, rangi ileile ya jiwe la Mwadui. Kisha hunyauka na kuanguka, na penye kikonyo hubaki tunda dogo la kijani ambalo litapasuka likiwa na pamba. Kwa Kiswahili zao hili na kitendo cha kurembesha huandikwa kwa herufi zilezile, pamba, lakini mkulima wa Kishapu au wa Maswa halipambii chochote ua hilo. Wala halichumi, maana achumaye ua la pamba amepoteza tunda. Hulihesabu kwa macho apitapo kati ya mistari, ajue msimu utakuwaje.

Katika orodha ndefu za majina ya maua ya dunia, zenye mcheri na tulipu na yungiyungi, ua la pamba halimo. Kisukuma kimempa mtoto jina la mvua inayolifungua na jina la jua linalolikausha.